Kabla Hatujamwandikisha Mtoto



Mwishoni mwa mwezi wa Agosti mji wetu wa Bukavu huwa na harufu ya vumbi na ya nguo mpya. Soko la Kadutu hujaa mashati meupe na sketi za buluu, kaye hupangwa kando ya njia kama matofali, na kila mzazi hutembea akihesabu fedha kichwani. Ndiyo majuma ambayo mtoto wa miaka sita hupata jibu la swali ambalo yeye mwenyewe hakuulizwa: atasoma wapi? Na siku hizi anayelijibu swali hilo mara nyingi si baba wala mama. Baba yuko machimboni upande wa Kamituga au wa Shabunda, au hayupo tena duniani. Mama ameondoka alfajiri na beseni lake la biashara kichwani. Basi kazi ya kumwandikisha mdogo humwangukia yaya wake, yaani mmoja wenu. Tunawafahamu wengi katika vikundi vyenu ambao, wakiwa na miaka kumi na tisa au ishirini, ndio wanaotia sahihi katika buletini ya mdogo wao. Haya tunawaandikia hao kwanza.

Mwaka 2023, Jumapili moja baada ya Misa, binti mmoja wa kwaya alitungoja kando ya mlango wa sakristia. Alimshika mkono mdogo wake, mvulana mwembamba mwenye macho makubwa, ambaye tangu kufiwa na baba yao alikuwa hasemi neno mbele ya watu wasio wa nyumbani. "Papa katekista," alituambia, "ninaomba mnisindikize kesho. Ninakwenda kumwandikisha huyu." Mjomba wao aliye Uvira alikuwa ameahidi kulipa minervali ya mwaka mzima kwa sharti moja: mtoto apelekwe katika shule ya binafsi iliyo kando ya barabara kubwa, ile yenye bango linalotangaza kwamba wanafunzi wake wote, asilimia 100, walifaulu mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la sita. Njia ya pili ilikuwa shule ya matofali mekundu iliyo mlimani, karibu na kwao Cimpunda, ambako mama yao alisoma zamani. Hiyo haikuwa na bango lolote.

Tulimwuliza kama alikwisha kuiona ile ya bango. Akajibu kwamba alikwenda Jumamosi na kuonyeshwa kila kitu. Je, watoto walikuwapo? "Hapana, Papa. Si ni likizo?"

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Mwana wetu wa tatu alipofika umri wa kuanza shule, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, sisi tulikuwa tayari na diploma ya serikali katika pedagojia. Tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kusimama mbele ya ubao, jinsi ya kumtambua mtoto asiyeelewa. Nasi tulikwenda kuitazama shule siku ya Jumamosi, mwezi wa Julai. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi juma hilohilo. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Direkta alitupokea kwa Kifaransa cha kupendeza, akatukalisha katika kiti chenye mto, akatuonyesha kombe la michezo na picha za maaskofu. Tulitoka hapo tumeridhika kabisa, na jioni ile tulimweleza mama wa watoto kwamba mtoto amepata shule. Hatukuwa tumeona hata mwanafunzi mmoja. Tuliikagua nyumba, tukadhani tumeikagua shule.

Jioni moja ya mwaka wake wa pili, mwana wetu alikuwa mezani akisoma kwa sauti ukurasa wa kitabu chake. Alisoma vizuri, bila kukwama, nasi tulikuwa tukimsikiliza kwa fahari ya mzazi mwalimu. Ghafla umeme ukakatika. Nyumba ikawa giza tupu, na mtoto akaendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa.

Tuliwasha mshumaa, tukamfunulia ukurasa mwingine. Hakujua hata neno moja. Kwa muda wa miezi kumi na mitano alikuwa ameimba pamoja na darasa lake kile ambacho mwalimu aliimba, na hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha peke yake ili aone kama yumo au hayumo, hata sisi. Tulimhamisha, akarudia darasa, lakini woga wa maandishi ulikwisha kuingia. Leo ni mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa watoto wawili, na mikono yake inatafutwa mjini. Lakini msomaji wa somo la kwanza anapokosekana kanisani na padri anapoangaza macho kwenye viti, yeye huinama na kutazama viatu vyake. Sisi tulio kiti cha nyuma yake tunaona.

Kwa hiyo tulimwambia yule binti asiende kesho. Angoje shule zifunguliwe, kisha twende katika siku za kwanza za Septemba, watoto wakiwapo. Majirani walimlaumu: nafasi zitakwisha, huyo katekista anakupoteza. Woga wao haukuwa wa bure, na kwa kweli wakati bora wa kuitazama shule ni Mei au Juni, kabla ya mwaka kwisha, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha na walimu wakiwa wamechoka. Mwalimu aliyechoka huonekana kama alivyo. Lakini nani alimwambia binti huyo mwezi wa Mei? Ndiyo sababu moja ya sisi kuandika.

Tulianza na njia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulitoka nyumbani kwao kwa miguu, tukimwacha mtoto atangulie na sisi tukifuata mwendo wake. Mtu mzima hufika upesi, naye hudhani ni karibu. Mpaka shule ya bango mtoto alitumia dakika arobaini na mbili, na mara mbili ilibidi avuke barabara ya malori, mahali ambapo pikipiki hupita kushoto na kulia kama nyuki. Mpaka shule ya mlimani alitumia dakika kumi na sita, lakini katikati kulikuwa na korongo lililochimbwa na maji, na juu yake ubao mmoja wa kuvukia. Ninyi mnaijua milima yetu na udongo wake. Nyumba iliyokuwapo Novemba huenda isiwepo Aprili. Yaya alisimama juu ya ule ubao, akaurukia kidogo kuupima, akatikisa kichwa. Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji alituambia kwamba siku za mvua kubwa watoto wote hupitia juu, kwa njia ya kanisa. Tukaijaribu na hiyo: dakika ishirini na tano. Mambo ya namna hii hayaandikwi kwenye bango lolote, na direkta hawezi kukuambia, kwa sababu yeye anakuja kwa njia nyingine.

Katika shule ya kwanza tulipokewa kwa heshima. Lazima tuseme ukweli wote: vyoo vyake vilikuwa safi, vya wasichana mbali na vya wavulana, vyenye milango inayofungwa na pipa la maji karibu. Darasa lilikuwa na dari chini ya mabati. Msilidharau jambo hilo, kwa maana katika mji ambao mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, darasa lenye mabati matupu hupoteza saa nyingi za masomo. Mvua ikishuka, mwalimu hubaki akifungua kinywa na hakuna anayemsikia. Ukutani walikuwa wamechora simba, twiga na sokwe wa Kahuzi. Mvulana wetu alisimama mbele ya simba yule kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tulimwona akitabasamu.

Tuliomba kukaa nusu saa nyuma ya darasa la kwanza. Direkta alituuliza kwa nini, kisha akatupeleka darasa la sita. Wanafunzi walisimama kwa pamoja, wakatusalimu kwa Kifaransa, wakaimba. Tulishukuru, tukaomba tena darasa la kwanza.

Vijana wengi hushindwa hapo. Mtu aliyemwogopa mwalimu wake haoni kuwa ana haki ya kumwomba direkta kitu mara ya pili. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya kikristo, uliwaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Na wewe uliyeshika nafasi ya mzazi aliyefariki umeshika na haki yake. Omba kwa upole, vua kofia, ahidi kutosema neno darasani. Shule njema huenda ikakuambia urudi kesho. Ikikataa kabisa usilione darasa ambalo mtoto wako ataketi, basi umekwisha kujibiwa.

Tuliruhusiwa. Watoto walikuwa 32 tu, wamekaa wawili wawili, na mwalimu kijana aliyevaa tai alikuwa akiwasomesha sentensi za Kifaransa ubaoni. Alisoma, wakaitikia. Alisoma, wakaitikia. Sauti zao zilikuwa tamu. Tulihisi baridi mgongoni, maana tuliwahi kuusikia wimbo huo. Kwa nusu saa nzima hakuna mtoto aliyeulizwa peke yake. Nyuma, karibu na dirisha, mmoja alikuwa amelaza paji la uso juu ya benchi akichezea kifuniko cha biki, na kinywa chake kilikuwa kikiitikia vilevile kama wengine. Mtu akiitikia pamoja na watu thelathini hawezi kukosea.

Tukaomba kuona kaye mbili tatu za darasa la pili za mwaka uliopita. Mwalimu wetu wa pedagojia, miaka ya themanini, alitufundisha kuzisoma kaye kuanzia nyuma: tazama ukurasa wa mwisho, kisha wa kwanza, kisha ulize kilichobadilika katikati. Kaye tulizopewa zilikuwa zimefunikwa kwa karatasi nzuri, na kila ukurasa ulikuwa na alama nyekundu ya kukubali. Yaya, ambaye hakusomea ualimu, ndiye aliyeona. Alinong'ona: "Papa, hapa mtoto ameandika 7 na 5 ni 11, nao wamemwekea vizuri." Tulifunua kurasa nyingine. Mwalimu aliyetia alama hizo hakuwa amesoma. Kosa lililowekewa alama ya sawa ni baya kuliko kaye isiyosahihishwa kabisa, kwa sababu mtoto huamini wekundu wa mwalimu kuliko vidole vyake.

Swali la bango tuliliacha mwisho. Tulimwuliza direkta: wale waliofanya mtihani na kufaulu wote walikuwa wangapi? Kumi na wanane. Na miaka sita kabla, walioanza nao darasa la kwanza walikuwa wangapi? Alifikiri, akasema labda arobaini na kidogo. Wengine je? Wamehama. Inawezekana kweli walihama: wazazi huhama, fedha hukwisha, vita hufukuza watu kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini inawezekana pia kwamba mtoto dhaifu huambiwa katika darasa la tano kwamba shule hii haimfai, ili asije akalichafua bango. Hatukumshtaki mtu. Tulimtazama mvulana wetu asiyesema, tukajiuliza angehesabiwa katika kundi lipi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; sisi tungeongeza tu kwamba asilimia bila hesabu ya walioanza si habari.

Siku ya pili tulipanda mlimani. Kwanza kuhusu jina la shule za namna hii, maana vijana wengi huchanganyikiwa. Msalaba ulio juu ya mlango hauna maana kwamba shule ni ya binafsi au kwamba mapadri ndio wanaolipa. Serikali ilizichukua shule zote mwaka 1974. Kisha, kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, Makanisa yalirudishiwa usimamizi, na Serikali ikabaki na jukumu la mishahara, programu na ukaguzi. Kwa hiyo shule ya mkataba ya Kikatoliki ni shule ya umma, na elimu ya bure inaihusu. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Lakini ilitubidi kungoja mpaka Septemba 2019 ili jambo hilo lianze kutendeka. Kabla ya hapo, tangu migomo ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, wazazi ndio waliomlisha mwalimu kwa ile iitwayo prime. Wenye umri wetu tunakumbuka watoto wakirudishwa nyumbani asubuhi, benchi baada ya benchi, kwa sababu ya prime.

Elimu ya bure ilifungua mlango, na walioingia walikuwa wengi. Katika darasa la kwanza tulihesabu watoto 74, watatu na wanne katika benchi moja, wengine wameketi juu ya mawe mawili karibu na ubao. Vyoo vilitusikitisha: matundu mawili ya wavulana, mawili ya wasichana, na mlango mmoja wa wasichana ulikuwa umeng'oka, umeegemezwa tu. Yaya aliuliza mlango huo umekuwa hivyo tangu lini. Direkta, mama mwenye mvi kidogo, hakujitetea. Alisema tangu Pasaka, na kwamba kamati ya wazazi imepata mbao lakini haijapata bawaba. Tulilipenda jibu hilo kuliko kombe la michezo. Ukiuliza juu ya ubaya unaoonekana, sikiliza kama unajibiwa kwa habari au kwa hasira.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mama wa makamo, sauti yake si kubwa. Alikuwa akifundisha herufi m. Alieleza kwa Kiswahili, akataja kwa Kifaransa, akarudi kwenye Kiswahili. Wazazi wengi huona aibu wakisikia Kiswahili darasani, hudhani wamepunjwa. Wajue kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia kuwa somo, na kwamba mtoto aliyekwisha kuelewa kitu kwa lugha ya nyumbani hubakiwa na kazi moja tu, ya kujifunza jina lake jipya. Yule wa wimbo hubakiwa na kazi mbili, naye hajui hata moja.

Msichana mdogo aliitwa ubaoni aandike m. Aliandika m yenye miguu minne. Darasa likacheka, watoto 74 kwa pamoja, na kicheko hicho katika chumba cha matofali si kitu kidogo. Sisi tulimtazama mwalimu. Juu ya meza yake palikuwa na fimbo, nasi tulikuwa tumekwisha kuiona tangu tulipoingia. Aliichukua, na hapo tuliacha kumtazama yeye, tukawatazama watoto. Mabega hayakupanda. Hakuna aliyeinua mkono kujikinga uso. Aliielekeza fimbo ubaoni, akasema: "Tuhesabu miguu." Wakahesabu wote, mpaka nne. "M yetu ina miguu mingapi?" Mitatu. Akamgeukia msichana: "Basi mmoja ni wa mgeni. Mwambie arudi kwao." Mtoto akaufuta mguu mmoja kwa kidole, akacheka yeye pia, akarudi kuketi.

Tungependa mlikumbuke hilo la mabega. Kila shule itakuambia kwamba haipigi, kwa kuwa sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inampa haki ya kukingwa na ukatili wa namna zote, na kila direkta anaifahamu. Usiulize. Simama nyuma, ngoja mwalimu anyanyue kitu, fimbo, rula au hata mkono wa kujikuna, nawe tazama miili ya watoto. Hao hawajafundishwa kuwapokea wageni.

Kaye za pale zilikuwa chafu, zimekunjika pembe, nyingine zimeshonwa kwa uzi. Lakini katika moja mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto anaiandika b kinyume, na majuma mawili baadaye, katika kaye hiyohiyo, kwamba b imesimama. Kwa watoto zaidi ya sabini! Si zote zilikuwa hivyo, na nyingine zilikuwa na majuma matatu bila wino mwekundu. Tulihesabu kichwani: dakika mbili kwa kila kaye ni zaidi ya saa mbili za kila jioni. Hakuna anayefanya hivyo kila siku.

Tulipotoka tulimwuliza direkta swali ambalo, kati ya yote, tunawasihi msione aibu kuliuliza: katika walimu wako, wangapi wanalipwa na Serikali? Alijibu: saba kati ya kumi na wawili. Watano waliobaki ni wale tunaowaita NU, ambao majina yao bado hayajaingia katika orodha ya mishahara. Na mwalimu wa darasa la kwanza? Ni mmoja wa hao watano. Mwaka wa tatu sasa. Wenzake waliolipwa humchangia kidogo kila mwezi, naye mchana huuza unga.

Tulishuka mlima bila kusema. Njiani yaya alimwuliza mdogo wake ni wapi alipopenda. Tulitumaini angesema mlimani, maana tulikuwa tumekwisha kuamua moyoni. Lakini yeye, asiyesema mbele ya watu, alisema waziwazi: "Kwenye simba." Kusema kweli simba yule alikuwa amechorwa vizuri sana.

Uamuzi ulikuwa wa dada, nasi hatukumwamulia. Siku mbili alifikiri, akaongea na mama yake usiku, akampigia simu mjomba. Mjomba alikasirika, akasema fedha yake si ya kuchezea mlimani. Mwishowe alituma sehemu ndogo, ambayo ilinunua viatu, koti la mvua na kaye kumi. Mtoto aliandikishwa shule ya matofali, akalia siku ya kwanza na ya pili.

Kabla ya Noeli yaya alituletea kaye yake baada ya Misa. Tuliisoma kuanzia nyuma, kama tulivyofundishwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi tatu, zimepinda lakini ni zake, kwa maana makosa yake hayakufanana na ya mtu mwingine. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa Kiswahili: leo amejibu kwa sauti, bila kuitwa. Yaya alikuwa ameuzungushia mstari huo duara kwa penseli. Alituambia kwamba mama yao, asiyejua kusoma vizuri, alikuwa ameomba asomewe maneno hayo mara mbili.

Mwezi wa Februari alikuja tena kutungoja kando ya sakristia, na safari hii hakuwa na kaye. Yule mwalimu ameondoka. Amepata nafasi inayolipwa katika shule moja upande wa Walungu, na ana watoto wanne. Nani angemwambia abaki? Darasa limegawanywa kwa muda kati ya walimu wawili, na mdogo yuko katika chumba chenye watoto zaidi ya mia. Jioni haongei tena mambo ya shule.

Tulijiona wazito. Katika asubuhi zile mbili tulitazama njia, vyoo, mabati, kaye, mabega, tukauliza juu ya mshahara na kujibiwa ukweli, kisha hatukuuliza linalofuata: akiondoka, nani atalichukua darasa lake, na je, huyo naye mmemwona akifundisha? Tulikuwa tumempenda mwalimu mmoja, tukasahau kumtazama aliye chumba cha pili. Direkta alikuwa tayari kutujibu, kwa kuwa hakutuficha kitu. Ni sisi hatukufungua kinywa.

"Papa katekista," binti alisema, "tumrudishe kwenye simba?"

Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba hatutajua tukiwa hapa kanisani. Kamati ya wazazi ilikuwa na mkutano Jumamosi, na yeye, ingawa ana miaka ishirini, jina lake ndilo lililo katika buletini. Basi aende, aketi mbele, aulize juu ya mwalimu mpya, na juu ya bawaba za ule mlango pia. Nasi Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, tungekuwa kwenye ule ubao wa korongo, tupande pamoja tukaombe nusu saa nyuma ya darasa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha tulipofika. Ubao haukuwapo, yaya na mdogo wake walikuwa wametangulia kwa njia ya kanisa.